Chombo na Ujumbe: Istilahi za Kuchambulia Video ya Muziki wa Roki

Miongoni mwa maswali ambayo walimu na wafasiri hutuletea mara kwa mara, limo moja ambalo kwa juu juu huonekana jepesi: je, "vyombo vya habari" ndiyo tafsiri ya neno la Kiingereza "media" kila mahali litokeapo? Wengi hujibu kuwa ndiyo, kwa kuwa ndivyo walivyozoea kusikia redioni na kusoma magazetini. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mazoea hayo, ingawa yanafaa mahali pake, humpotosha mwanafunzi mara tu anapotoka katika taarifa ya habari na kuingia katika sanaa. Tutafanya hivyo kwa kuchambua video moja ndogo ya muziki, na kila tutakapohitaji istilahi tutasimama, tuipime, ndipo tuendelee.

Tumechagua video ya muziki kwa makusudi. Ni kitu ambacho vijana wetu wanakitazama kila siku, lakini anapokuja darasani kukizungumzia kwa Kiswahili, mwalimu hujikuta ama anachanganya lugha, ama anatumia istilahi za uchambuzi wa riwaya na tamthilia ambazo hazikushonwa kwa kimo cha kitu hicho.

Mfano wetu

Kundi la OK Go ni la wanamuziki wanne wa roki, nalo lilianzishwa katika mji wa Chicago, Marekani, mwaka 1998. Mwaka 2006 lilitoa video ya wimbo wake uitwao "Here It Goes Again". Aliyeiongoza ni Trish Sie, mtunzi wa miondoko ya dansi na dada yake Damian Kulash, mwimbaji wa kundi hilo. Ilipigwa nyumbani kwa dada huyo, katika jimbo la Florida.

Video yenyewe ni ya takriban dakika 3, na haina kisa. Zimepangwa mashine 8 za mazoezi ya kukimbia, zile zenye mkanda unaozunguka chini ya miguu, na juu yake wanaume wanne wanacheza dansi: wanateleza, wanarukia mkanda mwingine, wanapishana, wanarudishwa nyuma na kupelekwa mbele, wakiwa na nyuso kavu kana kwamba hawafanyi jambo lolote la ajabu. Kamera imesimama mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Haisogei, wala picha haikatwi. Ili kupata dansi nzima isiyo na kosa iliwabidi warudie mara 17.

Iliwekwa katika mtandao wa YouTube tarehe 31 Julai 2006. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 31 Agosti, kundi hilo lilicheza dansi hiyohiyo jukwaani, mbele ya watazamaji, katika sherehe ya tuzo za video za MTV. Mwaka 2007 video hiyo ilipata tuzo ya Grammy ya video fupi ya muziki.

Sasa mwalimu na aionyeshe darasani, kisha aulize: "Ujumbe wa video hii ni nini?" Hapana shaka wapo wanafunzi watakaojibu kwamba ujumbe ni kuwa mazoezi hujenga afya. Tusiwacheke. Wamejibu swali kama walivyofundishwa kulijibu. Kosa limo katika swali, na hasa katika neno "ujumbe", ambalo tutalirudia baadaye.

Roki ya kujitegemea

Muziki wa kundi hili huwekwa katika aina ambayo kwa Kiingereza huitwa "indie", yaani ufupisho wa neno lenye maana ya huru au yenye kujitegemea. Asili ya jina hilo si mtindo wa muziki, bali ni biashara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Uingereza zilizuka kampuni ndogo za kutoa sahani za santuri ambazo hazikuwa chini ya kampuni kubwa, na Januari 1980 ilianza kuchapishwa orodha maalumu ya mauzo ya sahani zilizosambazwa nje ya mikono ya wakubwa hao. Baadaye jina la biashara likageuka kuwa jina la mtindo: magitaa yenye sauti kavu, uimbaji usiopambwa sana, na mzaha wa kujidharau. OK Go wenyewe, walipotoa video hii, walikuwa na mkataba na Capitol, tawi la kampuni kubwa ya EMI. Kwa hiyo walikuwa wa aina hiyo kwa mtindo, lakini si kwa mkataba.

Mfasiri afanyeje? Baadhi wamependekeza "roki huria". Pendekezo hilo halitufai. Neno "huria" limekwisha kushikamana na "soko huria", na msomaji atadhani ni muziki wa kibiashara usio na mipaka, yaani kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Wengine wangependa kuliswahilisha neno la Kiingereza na kusema "roki ya kiindi". Hapo nako iko hatari, kwani katika kinywa cha msemaji asiyetamka "h" kwa mkazo, muziki huo utafanywa kuwa wa Kihindi.

Tunapendekeza "roki ya kujitegemea" kwa mtindo, na "kampuni huru ya muziki" kwa upande wa biashara. Kwa Mtanzania neno "kujitegemea" lina uzito wa Azimio la Arusha la mwaka 1967, nasi hatuoni ubaya wa uzito huo: linakumbusha hali ya mtu afanyaye kazi kwa nyenzo alizo nazo, na video iliyopigwa nyumbani kwa dada yake mwimbaji, kwa kamera moja, inastahili sifa hiyo. Lakini mfasiri azitenganishe istilahi hizi mbili. Kundi laweza kuwa la roki ya kujitegemea bila ya kuwa na kampuni huru.

Chombo cha habari au chombo cha mawasiliano?

Tuje sasa kwenye kiini cha suala letu. Nadharia tunayotaka kuitumia ilipata nguvu kwa kazi ya Mkanada Marshall McLuhan, hasa kitabu chake cha mwaka 1964. Dai lake kuu, kwa maneno yetu, ni kwamba tunapochunguza athari za mawasiliano tusitazame tu kinachosemwa, kwa sababu njia inayotumika kusemea ndiyo inayobadilisha zaidi maisha ya watu. Mfano wake mmojawapo ni taa ya umeme. Taa haisemi neno lolote, lakini imeruhusu kazi na michezo kuendelea usiku, na kwa hiyo imebadili mpango mzima wa siku ya mwanadamu.

Mfasiri akiita nadharia hii "nadharia ya vyombo vya habari", msomaji atatafuta habari. Je, taa ya umeme ina habari gani? Wanaume wanne wanaocheza juu ya mikanda wanaleta habari gani? Katika sheria na nyaraka za serikali "vyombo vya habari" ni magazeti, redio na televisheni katika kazi yao ya kuarifu umma. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 1916 haipo, bali iko ile ya mwaka 2016 ya Tanzania, nayo inatumia neno "habari" ipasavyo kwa sababu inahusu uandishi wa habari. Afisa anayefasiri waraka kuhusu sanaa, akaandika "vyombo vya habari" kila mahali, anaweza kumfanya mwanamuziki aonekane kuwa ni mwandishi wa habari. Hilo si jambo dogo, maana waraka huzaa masharti, na masharti huwaangukia watu.

Basi tutafute neno jingine. "Njia" ni pana mno. "Wenzo" ni neno zuri, lakini humwelekeza msomaji kwenye zana za kazi. "Midia" limeanza kutumika, nasi hatulikatai, ila halimsaidii mwanafunzi kuona maana. Sisi tunapendekeza libaki neno "chombo", liondolewe "habari", iwe "chombo cha mawasiliano". Na pale ambapo muktadha umekwisha kueleweka, "chombo" peke yake litoshe.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba "chombo" huleta picha ya chungu au sufuria, kitu kinachobeba bila ya kukibadili kinachobebwa, ilhali McLuhan alikuwa akipinga wazo hilohilo. Tunawajibu kwa kuwakumbusha maana ya pwani. Kwa baharia chombo ni jahazi, na hakuna baharia anayedhani kwamba jahazi halina athari juu ya safari. Jahazi hushuka na kaskazi na kurudi na kusi, kwa hiyo ndilo lililopanga majira ya biashara, iwe limebeba tende au boriti. Zilipokuja meli kubwa zinazohitaji kina kirefu, shughuli za Mombasa zilihamia Kilindini, na Bandari ya Kale ikabaki na majahazi. Mji uligeuka upande kwa sababu ya chombo, shehena iwe ile iwe hii. Mwalimu akianza na mfano huo, nusu ya nadharia imekwisha kueleweka.

Chombo, fani na ujumbe

Hapa yafaa tutahadharishe juu ya mambo mawili. Kwanza, mwalimu wa fasihi aliyezoea mgawanyo wa fani na maudhui asije akadhani kwamba chombo ni jina jipya la fani. Fani ni kazi ya msanii: ni namna alivyochagua kusema. Chombo humtangulia msanii na humwekea mipaka. Katika mfano wetu, dansi, mpangilio wa mashine na nyuso kavu ni fani. YouTube ya mwaka 2006, pamoja na kioo chake kidogo, picha zake hafifu na uhuru wa kila mtu kupeleka video kwa mwenzake, ni chombo.

Pili, neno "ujumbe" katika madarasa yetu limekuwa na maana ya funzo ambalo mwandishi anataka msomaji alipate. Katika nadharia hii maana yake si hiyo. Ujumbe wa chombo ni badiliko la kipimo, la mwendo au la mpangilio ambalo chombo hicho huleta katika mambo ya watu. Kwa hiyo dai la McLuhan linaweza kufasiriwa "chombo chenyewe ndicho ujumbe", mradi mfasiri aongeze maelezo hayo walau mara moja. Asipoongeza, tutarudi palepale kwenye mazoezi na afya.

Tukiitazama video yetu kwa jicho hilo, mengi hufafanuka. MTV ilipoanza tarehe 1 Agosti 1981, video ya muziki ilizaliwa kuwa tangazo la televisheni: kampuni ililipa, kituo kikachagua, mtazamaji akapokea. Mtindo uliotawala ulikuwa wa picha nyingi fupi fupi na mapambo ya gharama. Video ya OK Go ilielekezwa kwa chombo kingine. Kwenye kioo kidogo picha za haraka hazionekani vizuri. Wanaume wanne walio mbele ya kamera isiyosogea wanaonekana. Mtu aliyepelekewa na rafiki yake hana haja ya kulijua kundi; anaelewa kichekesho katika sekunde chache. Tena, kwa kuwa hakuna mkato, anajua kwamba hakudanganywa: waliyafanya kweli. Ukweli huo ndio unaomfanya ampelekee mwingine.

Mpigo, mkato na nyongeza ya sauti

Kwa upande wa picha tunahitaji istilahi mbili. Kwa kuwa Kiswahili husema "kupiga picha", kipande kinachorekodiwa tangu kamera inapowashwa hadi inapozimwa tunapendekeza kiitwe "mpigo wa kamera", nayo sehemu ambapo kipande kimoja kinaunganishwa na kingine iitwe "mkato". Video yetu, basi, ni ya mpigo mmoja usio na mkato. Mwandishi asifupishe na kusema "mpigo" tu anapojadili muziki, maana msomaji ataudhani kuwa ni pigo la ngoma.

Kuhusu uhusiano wa sauti na picha, Mfaransa Michel Chion, katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya sauti katika sinema, alieleza kwamba sauti huipa picha maana ambayo mtazamaji hudhani imetoka katika picha yenyewe. Istilahi yake ya Kifaransa, ikifasiriwa neno kwa neno, itatupa "thamani ya ziada" au "ongezeko la thamani". La kwanza limekwisha kuchukuliwa na wanauchumi wa mrengo wa Marx, na la pili humkumbusha kila mfanyabiashara kodi anayodaiwa. Tunashauri "nyongeza ya sauti". Chion alieleza pia jinsi sauti na tendo vinavyotokea kwa wakati mmoja vinavyoungana akilini kuwa kitu kimoja. Hilo tuliite "uambatano". Ushahidi wake ni rahisi kuupata: mwalimu aionyeshe video akiwa ameizima sauti. Wachezaji wataonekana kama watu wanaohangaika kwenye mashine. Airudishe sauti, na kila hatua itaonekana kuwa imepigiwa ngoma yake.

Naye Andrew Goodwin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu televisheni ya muziki, alitofautisha mahusiano matatu ya video na wimbo: video inayoonyesha yale yanayosemwa na maneno ya wimbo, video inayoongeza maana mpya juu ya wimbo, na video isiyohusiana na wimbo au inayoupinga. Tunapendekeza "udhihirishaji", "ukuzaji" na "mwachano". Uko ubishi juu ya mahali pa video yetu, na ubishi huo wafaa kuachiwa darasa. Maneno ya wimbo hayataji mashine wala mazoezi, kwa hiyo si udhihirishaji wa moja kwa moja. Lakini jina la wimbo lina maana ya jambo linaloanza tena, na hakuna kitu kinachoanza tena kuliko mkanda unaozunguka, ambao mtu hutembea juu yake bila ya kufika. Kwa hoja hiyo sisi tunaiona kuwa ni ukuzaji.

Usimbaji na usimbuaji

Nadharia isiyomfikia mtazamaji haijakamilika. Mwaka 1973 Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Uingereza, aliandika kwamba mtengenezaji huifumba maana katika alama na mtazamaji huifumbua, lakini si lazima aifumbue kama ilivyofumbwa. Istilahi zinazofaa tunazo: "usimbaji" na "usimbuaji", kutokana na "msimbo". Hall alitaja nafasi tatu za msimbuaji, ambazo tunaziita "ukubalifu", "upatanishi" na "upinzani". Mtazamaji mkubalifu atacheka na kuupenda wimbo. Mpatanishi atacheka, lakini atasema kwamba hata mzaha huu unauza santuri. Mpinzani ataona watu wanaokimbia mahali pamoja kwa ajili ya kampuni, na hatacheka hata kidogo.

Wengine hawakuishia kusimbua. Video ya kundi hilo ya mwaka 2005, "A Million Ways", iliyopigwa nyuma ya nyumba ya Kulash, ilikuwa imekwisha kuigwa na mashabiki wengi waliojirekodi wakicheza dansi ileile. Kwa mtu wa namna hii, aliye mtazamaji na mtendaji kwa pamoja, neno "hadhira" halitoshi. Tunaliacha jambo hili mikononi mwa wasomaji watusaidie.

Chombo kilipofungiwa mlango

Msomaji anaweza kuuliza kama kubishana juu ya neno "chombo" kuna faida gani nje ya darasa. Yaliyolipata kundi hilohilo yanatosha kuwa jibu. Sehemu kubwa ya umaarufu wake ilitokana na watu kuzipachika video zake katika kurasa zao wenyewe. EMI, ikitaka malipo ambayo yalipatikana kwa video kutazamwa ndani ya YouTube tu, ilizuia upachikaji huo. Februari 2010 Kulash aliandika katika gazeti la The New York Times kwamba baada ya zuio hilo watazamaji wa video yao hii walipungua kwa asilimia 90. Mwezi uliofuata kundi likaachana na EMI na kuanzisha kampuni yake, Paracadute.

Tuangalie vizuri. Picha haikubadilika, wala wimbo, wala dansi. Fani na maudhui vilibaki vilevile. Kilichobadilika ni chombo peke yake, na kwa badiliko hilo moja kundi lilipoteza sehemu kubwa ya watazamaji wake na kuvunja mkataba. Mchambuzi aliye na maneno "fani" na "maudhui" tu hana namna ya kulieleza tukio hili. Mwenye neno "chombo" analo. Na ni hapo tu ambapo kundi la roki ya kujitegemea lilipata pia kampuni huru.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Chombo cha mawasiliano: njia yoyote inayobeba na kuunda mawasiliano ya watu, "chombo cha habari" kibaki kwa shughuli za kuarifu umma.

Ujumbe wa chombo: badiliko ambalo chombo huleta katika maisha, si funzo la mtunzi.

Roki ya kujitegemea: mtindo wa muziki. Kampuni huru ya muziki: kampuni isiyo chini ya kampuni kubwa.

Mpigo wa kamera. Mkato: kipande kilichorekodiwa bila kukatizwa. Mahali vipande viwili vinapoungana.

Nyongeza ya sauti; uambatano: maana ambayo sauti huipa picha; muungano wa sauti na tendo akilini mwa mtazamaji.

Udhihirishaji, ukuzaji, mwachano: mahusiano matatu ya video na wimbo.

Usimbaji, usimbuaji: kuifumba na kuifumbua maana.

Upachikaji: kuiweka video ya mahali pengine ndani ya ukurasa wako.

Haya ni mapendekezo, si istilahi zilizokwisha kusanifiwa. Tunawaomba walimu wayajaribu madarasani na wafasiri wayajaribu katika kazi zao, kisha watueleze ni yapi yamekaa vizuri kinywani na yapi yamekwama. Hasa tungefurahi kupata neno la yule mtazamaji asiyetazama tu, bali anayeinuka na kucheza.